Chumvi, Vijidudu na Mkono: Maji ya Kunywa Kisiwani Fundo

Fundo ni kisiwa chembamba kilicholala magharibi ya Pemba, mkabala na Wete, na kukifikia ni lazima upande chombo. Pemba kubwa ina mabonde yenye udongo mzito na vijito vinavyotiririka. Fundo haina mto. Ardhi yake ni jiwe la matumbawe, na mvua ikishuka juu ya jiwe hilo haikai, huzama. Kwa hiyo mtu anayeuliza namna ya kusafisha maji ya kunywa nyumbani akiwa Fundo anauliza swali gumu kuliko mwenzake wa Konde au Chake Chake, ingawa maneno ya swali ni yaleyale.

Ushauri unaotolewa kila mahali ni mfupi: chemsha, chuja, hifadhi. Hauna kosa, lakini umeandikwa bila kuuliza maji yametoka wapi, kuni zitatoka wapi na nani atakayefanya kazi hiyo kila siku ya Mungu. Katika kisiwa cha mawe maji ya kunywa yana maadui watatu: chumvi inayopenya kutoka baharini, vijidudu vinavyotoka kwenye kinyesi, na mkono unaoyachota. Hakuna njia moja ya nyumbani inayowashinda wote watatu. Hoja ya makala haya ni kwamba familia ya Fundo itakuwa salama ikipangilia njia kwa kumfuata adui: chumvi iepukwe kwa kukinga mvua, vijidudu viuliwe kwa klorini au moto, na mkono uzuiwe kwa chombo kilichofungwa. Mpangilio huo pia unaonyesha wapi kazi ya familia inaishia na wapi kazi ya serikali inaanza.

Jiwe ndilo linaloamua

Mvua ya Pemba si haba. Kisiwa hupata zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, nyingi katika masika ya Machi hadi Mei, na sehemu nyingine katika vuli. Shida ya visiwa vya mawe iko chini ya miguu. Matumbawe yamejaa nyufa na matundu, na maji ya mvua hupita humo mpaka yakutane na maji ya bahari yaliyoingia kutoka pande zote. Maji matamu ni mepesi kuliko ya bahari, kwa hiyo huelea juu yake na kufanya tabaka nene katikati ya kisiwa na jembamba kandokando.

Mholanzi Willem Badon Ghijben mwaka 1888 na Mjerumani Herzberg mwaka 1901 waliieleza hali hiyo kwa hesabu: kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hubeba karibu mita 40 za maji matamu chini yake. Hesabu hiyo inafurahisha mpaka uisome kinyume. Ukivuta maji kisimani hata usawa wake ushuke kwa sentimita 10, mpaka wa chumvi chini huelekea kupanda kwa mita 4. Katika kisiwa chembamba chenye jiwe la nyufa, hali huwa mbaya zaidi ya hesabu, kwa sababu kujaa na kupwa kwa bahari hulitikisa tabaka hilo na kuchanganya matamu na ya chumvi. Ndiyo maana kisima cha mawe kinaweza kubadilika ladha baina ya bamvua na maji mafu, na kati ya masika na kaskazi.

Kiasi cha bahari kinachotosha kuharibu kisima ni kidogo. Lita 1 ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Lita 3 zikiingia katika lita 100 za maji matamu, mchanganyiko unapita gramu 1 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linaona watu huanza kuyakataa maji kwa ladha yake. Kuyachemsha maji hayo hakusaidii; yakichemka muda mrefu mvuke huondoka na chumvi hubaki, na sufuria huishia na maji makali zaidi. Klorini haigusi chumvi. Kitambaa, mchanga na chujio la udongo haviigusi pia.

Zinazoigusa ni njia mbili. Ya kwanza ni kuyageuza maji kuwa mvuke na kuukusanya, na jua la mwambao linaweza kuifanya kazi hiyo chini ya kioo. Lakini mita 1 ya mraba ya kioo hutoa lita 4 au 5 kwa siku nzuri. Familia ya watu sita inayokunywa lita 15 itahitaji mita tatu hadi nne za kioo, zifungwe vizuri na zisafishwe kila mara. Njia ya pili ni kuyasukuma maji kwa nguvu kupita kwenye utando maalumu, ambayo inadai umeme, vipuri na fundi aliye karibu. Mtambo wa namna hiyo unaweza kufaa kwa kijiji chenye usimamizi imara. Jikoni kwa mtu hauna nafasi.

Basi chumvi haisafishwi nyumbani. Huepukwa kabla maji hayajaingia nyumbani. Wenzetu wa mwambao walilijua jambo hili zamani. Mji wa Lamu unakunywa maji yaliyohifadhiwa chini ya vilima vya mchanga vya Shela, na kila jengo linaloongezwa juu ya vilima hivyo linatishia kisima cha mji mzima. Katika visiwa vingine vya Lamu na huko Wasini, watu walijenga jabia za kukusanya mvua. Ngazidja, ambako jiwe la volkano linameza mvua kama linavyoimeza jiwe letu, nyumba nyingi huishi kwa birika zilizojengwa uani. Mbali zaidi, Bermuda, kisiwa cha mawe ya chokaa katika Atlantiki, kimeweka kisheria kwamba nyumba ikinge mvua juu ya paa lake.

Maji maangavu yanayodanganya

Adui wa pili haonekani, na Fundo ana pa kujificha. Pemba kubwa, mvua ikipiga udongo, kijito hugeuka chekundu na kila mtu anajua maji yamechafuka. Jiwe la matumbawe halitoi tope. Maji yake huwa maangavu, na jicho huyaamini. Lakini nyufa zilezile zinazopitisha mvua hupitisha uchafu wa choo cha shimo, uchafu wa mifugo na maji ya kufulia nguo. Katika udongo mzito, safari ya mita chache huwachuja vijidudu wengi. Katika jiwe lenye nyufa, hawachujwi. Husafiri haraka na wakiwa hai. Kanuni inayotajwa sana, ya kutenganisha choo na kisima kwa mita 30, inaongezewa tahadhari na wataalamu wenyewe kwamba katika miamba ya chokaa yenye nyufa umbali huo hautoshi.

Vijidudu hivyo vinajulikana kwa majina ya maradhi yao: kipindupindu, homa ya matumbo, kuhara damu, amiba, homa ya ini ya aina ya A. Kwa mtu mzima mwenye afya baadhi yao ni siku chache za kuumwa tumbo. Kwa mtoto wa miezi tisa kuhara kwa siku mbili kunaweza kuwa mwisho wa maisha, na kwa kisiwa ambacho mgonjwa lazima asubiri chombo ili afikishwe hospitali ya Wete, kila saa ina uzito wake. Kipindupindu kinaweza kuua kwa saa chache kwa kumkausha mtu maji mwilini.

Zanzibar haiusomi ugonjwa huu kwenye vitabu tu. Daktari James Christie, aliyekuwa Unguja wakati wa janga la 1869 na 1870, alifuatilia jinsi kipindupindu kilivyosafiri na misafara ya bara mpaka pwani, akachapisha kitabu mwaka 1876. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870, alivuta maji ya chemchem kutoka kaskazini mwa mji hadi Mji Mkongwe, na watu wa mji wakapata maji ya mfereji karibu karne moja na nusu iliyopita. Katika zama zetu, mlipuko wa 1978 ulianzia katika kijiji cha wavuvi ukaleta wagonjwa 411 na vifo 51, na baada ya hapo ugonjwa ukawa unarudi tena na tena. Mwaka 2009 ulifanyika uchanjaji mkubwa katika maeneo ya Unguja na Pemba, na uchunguzi uliofuata ulionyesha kuwa dozi mbili za chanjo ya kunywa zilipunguza hatari kwa asilimia 79 kwa waliochanjwa. Chanjo imeokoa watu, lakini haizuii homa ya matumbo wala minyoo, na kinga yake hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Maji yabaki kuwa salama ndipo kinga iwe ya kudumu.

Moto, klorini, jua na chujio

Kuchemsha ndiyo njia inayoaminiwa kuliko zote, na inastahili imani hiyo. Maji yakifika kuchemka na kutoa mapovu makubwa, bakteria, virusi na vimelea vyote vinavyotuhusu hufa. Imeenea dhana kwamba lazima yaendelee kuchemka kwa dakika 10 au 20. Si kweli. Katika usawa wa bahari dakika moja ya mapovu inatosha kabisa, na dakika zinazozidi ni kuni zinazoteketea bure.

Na kuni ndiko njia hii inakogota. Makadirio yanayotumiwa na wataalamu ni takriban kilo 1 ya kuni kwa kila lita 1 inayochemshwa. Familia yetu ya lita 15 kwa siku itatafuta kilo 15 za kuni juu ya zile za kupikia. Katika kisiwa kidogo kuni hutoka kwenye vichaka vya mawe na kwenye mikoko, na mikoko ikiisha, mazalio ya samaki yanaondoka na ufuo unaliwa na bahari. Mfano uko karibu. Kokota, kisiwa kidogo jirani, kilikatwa miti mpaka ardhi ikabaki wazi. Wakazi wake, pamoja na jumuiya ya Community Forests Pemba, walilazimika kuanza upya kupanda miti na kukinga mvua, na kazi hiyo ikaingia katika filamu iitwayo Kokota: The Islet of Hope. Kwa hiyo kuchemsha kubaki kwa maji ya mtoto mchanga, ya mgonjwa na ya siku za mlipuko. Kuchemsha maji ya nyumba nzima mwaka mzima kwa kuni za kisiwani ni kuokoa tumbo kwa gharama ya kisiwa.

Klorini ndiyo inayofaa zaidi kwa matumizi ya kila siku. Nchini Tanzania wengi wanaijua kwa jina la WaterGuard. Kidonge kimoja cha ukubwa wa kawaida hutosha lita 20, yaani dumu moja, na baada ya nusu saa maji yako tayari. Yakiwa na tope hudai dawa zaidi, lakini maji yetu ya mawe mara nyingi ni maangavu, na hapo hali ya Fundo inakuwa msaada. Vidonge vinatofautiana nguvu, kwa hiyo maandishi ya pakiti lazima yasomwe. Kile cha lita 20 kikitumbukizwa kwenye jagi la lita 2 kinaharibu ladha na kumfanya mtu aiapize dawa milele.

Sifa kubwa ya klorini, ambayo moto hauna, ni kwamba hubaki kazini. Maji yaliyochemshwa yakipoa hayana ulinzi wowote. Kikombe kimoja kichafu kinatosha kuyarudisha yalikokuwa. Klorini iliyosalia ndani ya maji huendelea kuua vijidudu vinavyoingia baadaye kwa muda wa siku moja hivi, endapo chombo kimefunikwa. Ina mipaka pia. Kimelea kiitwacho kriptosporidiamu huistahimili, na mayai ya minyoo mviringo vilevile. Pemba ina historia ndefu ya minyoo, na Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iliyofunguliwa Chake Chake mwaka 2000 imekuwa ikichunguza maradhi ya namna hiyo kwa miaka mingi. Dawa ya minyoo wanayopewa watoto wa skuli, choo kilicho salama na kunawa mikono vinafanya kazi ambayo kidonge cha maji hakiwezi.

Jua ni njia ya tatu. Mwaka 1980 huko Beirut, Aftim Acra na wenzake walionyesha kuwa maji yaliyowekwa juani ndani ya chupa angavu husafika, na taasisi ya Eawag ya Uswisi ikaieneza njia hiyo katika nchi nyingi. Chupa ya plastiki isiyo na rangi na isiyozidi lita 2 ilazwe juu ya bati kwa saa 6 za jua. Mawingu yakifunika zaidi ya nusu ya mbingu, ikae siku mbili. Kazi inafanywa na miali isiyoonekana, ikisaidiwa na joto. Kaskazi ikivuma na anga ikiwa nyeupe, Fundo ina kila kinachotakiwa, na gharama ni chupa tu. Ugumu uko kwenye wingi: lita 15 ni chupa 10 za lita moja na nusu, kila siku, zijazwe, zipandishwe na ziteremshwe. Kwa mvuvi anayekwenda dago au mwanafunzi anayebeba maji yake, njia hii inafaa sana. Kwa nyumba yenye watu wengi ni ya akiba dawa inapoadimika.

Machujio ni kundi kubwa. Chungu cha udongo uliochanganywa na pumba za mpunga na kuchomwa, alichokibuni Mguatemala Fernando Mazariegos mwaka 1981, kinazuia bakteria wengi lakini si virusi wote, na kinavunjika. Tanzania ina mchango wake: Askwar Hilonga wa Taasisi ya Afrika ya Nelson Mandela, Arusha, alitunukiwa tuzo ya kwanza ya Afrika ya Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza mwaka 2015 kwa chujio linalochanganya mchanga na chembe ndogo sana zilizotengenezwa kulingana na uchafu wa eneo husika. Wazo hilo la kulifuata eneo ndilo tunalolihitaji. Chujio lolote likipelekwa Fundo, maswali mawili yajibiwe kabla halijapanda chombo: nani atalisafisha, na likivunjika kipuri kitapatikana duka gani la Wete?

Kitambaa kina heshima yake. Huko Bangladesh, Rita Colwell na wenzake walichapisha mwaka 2003 matokeo kwamba sari kuukuu iliyokunjwa tabaka nne au zaidi ilipunguza kipindupindu kwa karibu nusu, kwa sababu bakteria wake hujishikiza kwenye vijidudu vikubwa vya majini ambavyo kitambaa huvizuia. Kanga kuukuu ya pamba inaweza kutumika hivyo, ikifuliwa na kuanikwa, kama hatua ya kwanza. Shabu na mbegu za mlonge hutuliza tope, jambo muhimu kwa anayekunywa maji ya mto, si kwa maji maangavu ya mawe. Na ubani tunaofukizia mtungi huyapa maji harufu tuliyokua nayo na tunayoipenda, nayo ibaki. Lakini moshi wake usihesabiwe kuwa dawa.

Mkono na mtungi

Adui wa tatu ndiye anayeshinda vita vingi. Uchunguzi uliofanywa Dar es Salaam na Amy Pickering na wenzake, uliochapishwa mwaka 2010, ulipima mikono ya akina mama na maji yaliyohifadhiwa majumbani, ukakuta uchafu wa mikono na uchafu wa maji vinakwenda pamoja. Maji yanaweza kutoka mferejini yakiwa safi na kufika kinywani yakiwa yameharibika, na njiani hapakuwa na kosa lolote ila kata iliyowekwa sakafuni, kopo lililotumbukizwa na vidole vya mtoto aliyetoka kucheza.

Dawa yake ni rahisi kuliko zote zilizotajwa. Maji ya kunywa yatengwe na ya matumizi mengine. Yakae katika dumu lenye mdomo mwembamba au ndoo yenye kifuniko na mfereji mdogo, yamiminwe badala ya kuchotwa. Mtungi wa udongo usitupwe. Unayapoza maji kuliko chombo chochote kisicho na umeme, na huko Kenya magharibi wafinyanzi waliwahi kutengeneza mitungi yenye mdomo mwembamba na mfereji kwa sababu watu waliutaka ubaridi huo. Mwenye mtungi wa kale auwekee kifuniko, na kata iwe yenye mkono mrefu, itundikwe.

Hapa dini yetu inatutangulia. Hadithi iliyopokewa na Jabir katika Sahihi Muslim inaamrisha vyombo vifunikwe usiku. Ile ya Abu Huraira inamkataza aliyeamka usingizini kutia mkono chomboni kabla ya kuuosha. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kupumulia ndani ya chombo cha kunywea. Inafaa pia masheikh wetu wafafanue jambo moja linalowachanganya wengi. Katika fiq'hi ya Shafii, maji yaliyofika kulateni, kiasi cha lita mia mbili na ushei, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Hukumu hiyo ni ya tohara, ya udhu na josho. Maji yanaweza kufaa kwa udhu na bado yakabeba kipindupindu kisichobadilisha rangi wala harufu. Kuihifadhi nafsi ni wajibu wa sheria hiyohiyo, na hotuba moja ya Ijumaa juu ya maana hizi mbili itafika nyumba ambazo hakuna bango litakalozifika.

Paa kama kisima

Tukirudi kwenye chumvi, mvua ndiyo maji matamu kuliko yote yanayoifikia Fundo, nayo haijaonja jiwe. Hesabu yake ni nyepesi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Nyumba yenye paa la mita 40 za mraba, kwa milimita 1,500, hupokea lita 60,000 kwa mwaka. Ondoa moja ya tano inayomwagika na kukauka, zinabaki lita 48,000. Watu sita wakitumia lita 5 kila mmoja kwa kunywa na kupikia, wanahitaji lita 30 kwa siku, chini ya lita 11,000 kwa mwaka. Tatizo ni kuyavusha maji hayo hadi miezi mikavu. Siku 120 bila mvua ni lita 3,600, kwa hiyo tangi la lita 5,000 likijaa mwisho wa masika linaweza kuifikisha familia kwenye vuli.

Mvua nayo si safi kwa kufika tu. Bati hukusanya vumbi na kinyesi cha ndege, hivyo maji ya mwanzo ya kila mvua baada ya kiangazi, walau lita 40 hadi 80 kwa paa hilo, yaachwe yaende zake. Tangi lisipitishe mwanga, mwani usiote. Lifungwe wavu mzuri, kwani tangi lililo wazi ni nyumba ya mbu anayeeneza dengi. Kisha yanapotolewa kwa kunywa yatiwe klorini. Paa la makuti halifai kwa kazi hii. Penye makuti, paa la skuli, msikiti au kituo cha afya liwe kisima cha wengi, mradi liwe na mwenye dhamana anayejulikana.

Kwa nini watu huacha

Lipo swali ambalo wauzaji wa njia hizi hawapendi kulijibu. Utafiti mkubwa wa WASH Benefits katika kaunti za Bungoma, Kakamega na Vihiga nchini Kenya, uliochapishwa mwaka 2018, uliwapa watu klorini na mafunzo, na kuhara kwa watoto hakukupungua. Bangladesh, kwa utafiti wa aina hiyohiyo, kulipungua katika makundi mengine kadhaa, lakini kwa waliopewa klorini peke yake upungufu haukuthibitika. Tofauti mojawapo kati ya nchi hizo ilikuwa matumizi: Kenya watu waliotumia dawa walikuwa wachache zaidi na walizidi kupungua kadiri muda ulivyokwenda. Michael Kremer na wenzake, waliofanya kazi katika eneo hilohilo la magharibi ya Kenya, waligundua kwamba dawa ikiuzwa hata kwa bei ndogo wengi hawainunui, lakini ikiwekwa bure katika kitoleo palepale penye chemchem, matumizi hupanda sana, kwa sababu anayeteka huitia mara moja na majirani wanamwona.

Somo lake ni zito. Mwanamke wa Fundo, ambaye ndiye atekaye, abebaye dumu la kilo 20 na apikaye, pengine akitoka kwenye mwani, hana uvivu wala ujinga anapoacha kutia dawa. Ameongezewa kazi juu ya kazi, na faida yake haionekani, kwani mtoto asiyeugua hana cha kuonyesha. Njia itakayodumu ni ile inayopunguza hatua: dawa iwe kisimani au kwenye tangi, iwe bure au ya bei isiyohisika, na wanaume washiriki kuiandaa. Baba anayeweza kuziba chombo kisivuje anaweza pia kufunga mfereji kwenye ndoo na kusafisha mlizamu wa bati kabla ya masika.

Mpaka wa kazi ya nyumba

Tarehe 28 Julai 2010, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitambua kuwa maji safi ya kunywa ni haki ya binadamu. Zanzibar ilikuwa imeshaunda Mamlaka ya Maji kwa sheria ya mwaka 2006. Kusafisha maji nyumbani kusigeuzwe kuwa njia ya kuisahau haki hiyo. Familia inaweza kuua vijidudu. Haiwezi kupima visima vyote vya shehia, kuamua choo kijengwe wapi juu ya jiwe lenye nyufa, wala kuhakikisha kisima hakivutwi mpaka bahari iingie. Kazi hizo ni za umma, na katika kisiwa kidogo zinatakiwa kufanywa mara nyingi zaidi kuliko mjini, kwa sababu tabaka la maji matamu likishaharibika, kupona kwake hungoja mvua ya misimu mingi.

Wakati huohuo, mtoto wa leo hawezi kusubiri bajeti ya mwaka ujao. Kwa hiyo utaratibu ninaoutetea kwa kila nyumba ya Fundo ni huu: mvua ikingwe kwa ajili ya kunywa, hata kama tangi la kwanza ni pipa; maji yote ya kunywa yatiwe klorini; ya mtoto mchanga na mgonjwa yachemshwe; yakae katika chombo kilichofungwa chenye mfereji, na mikono ioshwe kwa sabuni. Kwa shehia: vidonge visikauke katika kituo cha afya, visima vipimwe chumvi na vijidudu kila msimu, matokeo yasomwe hadharani, na paa la kila jengo la umma lipate mlizamu na tangi. Hakuna kimojawapo kinachohitaji ugunduzi mpya. Vinahitaji kufanywa pamoja, kwa sababu nyumba ikifanya peke yake itachoka, na serikali ikifanya peke yake maji yatachafuka kwenye kata ya mwisho kabla ya kinywa.